Wafalme wasubiri: namna ya kusoma ustaarabu wa mabonde ya mito kwa kuanza na maji

Vitabu vingi kuhusu Misri ya kale, Mesopotamia (Iraq ya leo), bonde la Indus (Pakistan na India ya leo) na Mto Huang He wa China vinaanza na orodha: alitawala fulani, akafuata fulani, pakajengwa kile. Msomaji anakariri, anafanya mtihani, na mwezi ukipita kilichobaki kichwani ni piramidi tu. Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni maji ya mashambani: kupima mteremko wa mifereji, kusimamia mabanio, kuamua ugomvi wa watu wawili wanaodai zamu moja ya maji ya usiku. Historia hii naisoma kwa kuipenda, na naisoma kwa swali lile lile la kazini: maji yanakuja lini, na mmea unayataka lini? Ukilijibu hilo kwa mto mmoja, mambo mengi yanayoonekana ya ajabu kuhusu watu wake yanapata sababu. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Karatasi moja, mistari miwili

Chukua karatasi, andika miezi 12 kwa mlalo. Mstari wa juu chora kimo cha mto: unapanda mwezi gani, unafika kilele lini, unashuka lini. Mstari wa chini weka zao: kupanda, kukua, kuvuna. Usiandike jina la mfalme hata mmoja bado.

Anza na Naili, kwa sababu ndio mto mpole kuliko yote. Mvua za katikati ya mwaka kwenye nyanda za juu za Ethiopia zinamwagika katika Naili ya Buluu na Mto Atbara, na kabla ya kujengwa bwawa kubwa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, maji hayo yalianza kupanda Misri kati ya Juni na Julai, yakafika kilele karibu na Septemba, kisha yakarudi. Sasa tazama mstari wa chini. Ngano na shayiri zilipandwa Oktoba na Novemba, yaani maji yakiwa yametoka kurudi na udongo bado umelowa, na tope jipya limetandazwa juu yake. Mavuno yalikuja Machi na Aprili, kabla ya mto kupanda tena. Mistari miwili inapishana bila kugongana. Mkulima alichohitaji kufanya ni kujenga matuta ya udongo kugawa bonde katika mabeseni makubwa, kuyaachia maji yaingie, kuyazuia kwa mwezi mmoja na nusu hivi yanywewe na ardhi, halafu kuyafungulia yarudi mtoni. Yanaporudi, yanaondoka na chumvi. Mtu wa mifereji akiona mpangilio huo anaona wivu.

Wamisri wenyewe waligawa mwaka wao kwa kufuata mistari hiyo: Akhet, msimu wa mafuriko, Peret, msimu wa kuota, Shemu, msimu wa mavuno. Kila msimu ulikuwa na miezi minne ya siku 30, na siku tano zikaongezwa mwishoni ili zitimie 365.

Ukimaliza Naili, geuza karatasi uchore Tigris na Frati. Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini naanza na karatasi. Mito hii inalishwa kwa kiasi kikubwa na theluji ya milima ya Uturuki na Zagros, na theluji huyeyuka majira ya kuchipua. Maji ya juu kabisa yanafika kusini mwa Mesopotamia Aprili na Mei, wakati shayiri imekwisha kukomaa au inavunwa. Oktoba, mkulima anapotaka maji ya kupandia, mto uko chini kabisa. Mvua nayo haifiki milimita 200 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya kusini, kwa hiyo hakuna wa kumkopesha.

Kwa maneno mengine, mto unaleta maji mengi siku isiyotakiwa na maji kidogo siku inayotakiwa. Lazima uwe na tuta la kuyazuia Aprili, na mfereji mrefu wa kuyaita Oktoba. Tazama mistari hiyo miwili vizuri kabla hujaendelea.

Nani anatoa tope?

Swali la pili ninalouliza kila mto ni hili, na ndilo linalonipeleka mbali zaidi. Mfereji mpya kila mtu anataka kupigwa picha nao. Mfereji wa mwaka wa tatu, uliojaa mashapo hadi nusu ya kina, hauna mgeni rasmi. Lakini ustaarabu wa Mesopotamia ulisimama juu ya kazi hiyo isiyo na mgeni rasmi. Frati na Tigris zinabeba tope jingi, tope linatua kwenye mfereji kila maji yanapopunguza kasi, na usipolitoa, shamba la mwisho wa mfereji linakauka kwanza.

Kwa hiyo ukisoma habari za Mesopotamia, tafuta palipotajwa usafishaji. Utapata. Hammurabi, aliyetawala Babeli kati ya 1792 na 1750 KK kwa hesabu inayotumiwa zaidi, tunamjua kwa sheria zake. Mimi namheshimu zaidi kwa barua zake. Katika moja aliyomwandikia Sin-idinnam, ofisa wake aliyekuwa mji wa Larsa, anaagiza waitwe watu wenye mashamba kandokando ya mfereji wa Damanum, wausafishe, na kazi imalizike ndani ya mwezi huo huo. Mfalme mwenye dola nzima anafuatilia tope la mfereji mmoja na kuweka tarehe ya mwisho! Nimeandika barua za namna hiyo, ila mimi sina jeshi.

Kisha rudi kwenye zile sheria, nenda moja kwa moja namba 53 hadi 55. Nguzo yenyewe ya jiwe jeusi ilipatikana Susa, Iran ya leo, mwaka 1901 na iko makumbusho ya Louvre, Paris, na tafsiri zake zinapatikana kwa urahisi. Mtu aliyezembea kuimarisha tuta lake, likabomoka, maji yakaharibu mashamba ya wenzake, atalipa nafaka iliyopotea. Akishindwa kulipa, anauzwa yeye na mali yake, na fedha wanagawana walioharibiwa. Na mtu aliyefungua mfereji wake kumwagilia, akazubaa, maji yakaingia kwa jirani, atapima nafaka ya kumfidia. Watu husoma hizo wakaona ukali. Mimi naona kumbukumbu za kikao cha watumiaji maji: kila kifungu kimetokana na kesi iliyowahi kuwachosha wazee.

Ugomvi huo haukuishia kati ya majirani. Miji ya Lagash na Umma, kusini mwa Mesopotamia, iligombania ardhi ya mpakani na maji yake kwa zaidi ya karne moja. Umma ilikuwa upande wa juu wa maji, Lagash upande wa chini; aliyewahi kukaa upande wa chini wa mfereji hahitaji kuelezwa zaidi. Ushindi wa Eannatum wa Lagash, karibu 2450 KK, ulichongwa kwenye jiwe linaloonyesha tai wakiwala maiti za Umma, nalo pia liko Louvre kwa vipande. Kizazi kilichofuata, Enmetena akaandika upya malalamiko yale yale, pamoja na habari ya maji ya mifereji ya mpaka kuchepushwa.

Ukishajua nani anatoa tope, uliza anakula nini wakati anatoa. Hapo unafika kwenye maandishi. Katika magofu ya Uruk, mji mwingine wa kusini mwa Mesopotamia, vimepatikana maelfu ya vibao vya udongo vya kuanzia takriban 3300 KK, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa duniani. Usitarajie mashairi. Sehemu kubwa kabisa ni hesabu za ghala: shayiri imeingia kiasi hiki, imetoka kiasi kile, kondoo wangapi, wafanyakazi wangapi, pombe ya shayiri kiasi gani. Pamoja nazo yamechimbuliwa mabakuli mengi mno ya udongo yenye ukingo uliokatwa mshazari, mabaya ya kutazama, yaliyofinyangwa haraka haraka. Wachimbuaji wengi wanayaona kuwa ni vipimo vya posho. Tafuta picha ya moja ya mabakuli hayo uiweke pembeni mwa picha ya kibao cha hesabu. Mimi picha hizo mbili zimenifundisha kuliko sura nzima ya kitabu kuhusu asili ya maandishi.

Usimpe mto sifa zote

Kuna nadharia ya zamani, bado inarudiwa mashuleni, kwamba mifereji mikubwa ndiyo iliyozaa wafalme: maji yalihitaji mkubwa wa kuyagawa, basi mkubwa akapatikana. Ipime kwa karatasi yako. Misri ilikuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima tangu karibu 3100 KK, lakini mabeseni yake ya maji yalisimamiwa zaidi na watu wa mahali hapo hapo, beseni kwa beseni. Kusini mwa Mesopotamia, penye mto mgumu zaidi, kwa karne nyingi hapakuwa na mfalme mmoja, bali miji mingi iliyokuwa ikipigana. Nadharia ingekuwa kweli, mambo yangekuwa kinyume.

Naili ilimsaidia mfalme kwa njia nyingine: usafiri. Mkondo unakwenda kaskazini, upepo wa kawaida unavuma kuelekea kusini. Ukitaka kushuka unajiachia, ukitaka kupanda unatweka tanga. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, ilichimbuliwa mikunjo ya mafunjo ya wakati wa Farao Khufu, karne ya 26 KK kwa makisio ya kawaida. Mmoja ni daftari la kazi la Merer, kiongozi wa kundi la mabaharia, likieleza safari za kubeba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, palipojengwa piramidi ya Khufu. Kazi hiyo iliangukia miezi ya mafuriko, mto ulipokuwa juu na mifereji ya kufikia karibu na ujenzi imejaa. Ipachike kwenye karatasi yako: mstari wa juu uko kileleni, mstari wa chini mtupu, hakuna kilimo, na watu wako huru kuitwa kwenye mawe.

Kuna pia rungu la sherehe la mfalme wa Misri aitwaye Scorpion, limehifadhiwa makumbusho ya Ashmolean huko Oxford. Limemchonga ameshika jembe, mbele yake mtu kainama na kikapu, chini yao maji. Wengi wanasema anafungua mfereji. Inawezekana. Lakini nimehudhuria uzinduzi mwingi wa mifereji, na mkubwa huwa anapiga jembe mara moja tu. Lichukue kama ushahidi kwamba mfalme alitaka aonekane na maji.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye Jiwe la Palermo. Ni kipande cha kumbukumbu za miaka ya wafalme wa mwanzo wa Misri, na chini ya miaka mingi kumeandikwa kimo cha mafuriko kwa dhiraa, viganja na vidole. Mto ukipanda kidogo, mashamba ya juu hayapati maji. Ukipanda mno, matuta yanavunjika na vijiji vinaoga. Serikali ikijua kimo inajua mavuno, na ikijua mavuno inajua kodi.

Tafuta chumvi, kisha tafuta kisichokuwepo

Rudi Mesopotamia kidogo. Maji ya umwagiliaji yana chumvi kidogo. Yakimwagwa kwenye ardhi tambarare isiyo na njia ya kutokea, maji ya chini ya ardhi yanapanda, jua linayavuta, chumvi inabaki juu kama unga. Shayiri inavumilia chumvi kuliko ngano, na kufikia mwisho wa milenia ya tatu KK shayiri ilikuwa imeitawala kusini karibu kabisa. Wakulima walikuwa na desturi ya kulaza shamba mwaka mmoja baada ya kulima mmoja. Kila unapoona neno shayiri kwenye historia hii, likupe wazo la ardhi iliyochoka.

Halafu andika pembeni ya karatasi vitu ambavyo bonde halina. Kusini mwa Mesopotamia: hakuna mawe ya maana, hakuna mbao za kujengea, hakuna shaba. Kuna udongo, matete na nafaka. Orodha hiyo ya upungufu ndiyo ramani ya biashara. Shaba ilitoka Magan, yaani pande za Oman, ikipitia Dilmun, ambayo ni Bahrain ya leo. Kuna kibao maarufu kutoka mji wa Ur, kusini mwa Mesopotamia, cha karibu 1750 KK, sasa kiko British Museum: mteja Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir kwamba aliahidiwa shaba nzuri, akaletewa mbaya, na mjumbe wake akaambiwa ukitaka chukua, hutaki ondoka. Kisome chote. Kina hasira ya kweli, na kinakuonyesha kwamba nafaka ya mfereji ilikuwa imeshageuka mtaji wa baharini.

Mto usiosema

Indus ni mgumu kwa sababu maandishi yake hayajasomwa hadi leo. Mengi yako kwenye mihuri midogo, kwa wastani alama tano hivi, na hakuna andiko refu la lugha mbili la kusaidia. Hujui jina la mtu hata mmoja. Wengi wakifika hapa wanaruka ukurasa. Wewe baki, maana kwa mbinu yetu huyu ndiye mto unaofaa zaidi: hukuwa unategemea wafalme tangu mwanzo.

Karatasi yake inafanana na ya Naili. Mto unajaa katikati ya mwaka kwa theluji inayoyeyuka na mvua za monsuni za Asia, ngano na shayiri zinapandwa maji yakirudi, zinavunwa majira ya kuchipua. Tofauti ni kwamba Indus unajaa kwa ghasia na unahamahama. Ndiyo maana Mohenjo-daro, mji uliostawi kati ya 2600 na 1900 KK, ulijengwa juu ya majukwaa makubwa ya matofali.

Sasa soma matofali yenyewe. Harappa, Mohenjo-daro na miji mingine iliyo mamia ya kilomita mbali mbali, uwiano ni ule ule: kimo moja, upana mbili, urefu nne. Soma mawe ya mizani: vipande vya mraba vilivyong'arishwa, kila kimoja uzito maradufu ya kilichotangulia, 1, 2, 4, 8, 16. Soma mitaro: nyumba nyingi zina pa kuogea, maji machafu yanatoka kwenda mtaro wa barabarani uliofunikwa, na kuna mashimo ya kunasia taka yanayoweza kuzolewa. Kwa Mohenjo-daro peke yake visima vinakadiriwa kufika 700. Shimo la kunasia taka halina maana bila mtu wa kulizoa, kwa hiyo swali letu la tope linarudi, na jibu lake ni kwamba palikuwa na utaratibu ulioheshimiwa, hata kama aliyeuamuru hajulikani. Jumba la kifalme lisilo na ubishi halijapatikana. Kumbuka pia kwamba Harappa imepungua: katika miaka ya 1850 matofali yake yalizolewa kwa wingi kutandika reli ya Lahore na Multan, kabla dunia haijatangaziwa ustaarabu huu mwaka 1924.

Mto unaopanda juu ya nchi

Kwa Huang He nitakuwa mfupi. Unapita kwenye udongo wa manjano, laini, uliopeperushwa na upepo, na unabeba mashapo mengi ajabu. Yanatua, kitanda cha mto kinapanda, watu wanaongeza matuta, kitanda kinapanda tena, hadi mto unapita juu kuliko nchi ya pembeni. Likivunjika tuta, maji hayarudi. Mwaka 1855 mto ulihama mdomo wake kutoka kusini mwa rasi ya Shandong kwenda kaskazini. Wakulima wa Shang, ufalme wa kale wa China, waliokuwa na mji wao Anyang kuanzia karibu 1250 KK, walitegemea zaidi mvua kwa nafaka zao ndogo za jamii ya mtama. Usiwapachike mifereji ya Babeli. Mifupa ya ramli yao, yenye maswali yaliyochongwa juu yake, iliyotambuliwa na wasomi mwaka 1899, inauliza mvua itanyesha au la, mavuno yatakuwa mema au la. Hapo mstari wa juu wa karatasi yako uwe mvua, na mto uuchore pembeni kama tishio.

Onyo moja kuhusu ramani

Usitumie ramani ya leo. Magofu ya Ur yako jangwani, Frati uko kilomita kadhaa mbali, na Ghuba iliyokuwa karibu nayo imesogezwa mbali mno na tope. Tafuta ramani inayoonyesha mikondo ya kale. Picha za setilaiti za kijasusi za Marekani za miaka ya 1960, zilizoachiwa umma mwaka 1995, zinaonyesha alama za mifereji ya kale ambayo kilimo cha baadaye kimeifuta. Kwa jicho la kawaida ni michirizi tu, ila ukifuata mmoja kwa kidole utaona unavyoshika mgongo wa ardhi ili maji yateremke pande zote mbili, kama ambavyo ningeuchora mimi.

Ukishazoea, jaribu mto mmoja bila kitabu cha kukuongoza. Nakushauri Naili ya Kerma, mji wa kale ulio kusini mwa poromoko la tatu la mto huo, Sudan ya leo, iliyostawi kati ya takriban 2500 na 1500 KK. Una haya ya kuanzia: mafuriko ni yale yale ya Misri, yakipita kwao kwanza, hawakuacha maandishi yao wenyewe, katikati ya mji pamesimama Deffufa, jengo la matofali ya udongo lenye kimo cha mita 18 hivi mpaka leo, na mbele ya kaburi moja kubwa vilipangwa vichwa vya ng'ombe zaidi ya 4,000. Chora mistari miwili, halafu ongeza wa tatu, wa malisho, na uanze kwa kujiuliza ng'ombe wote hao walikuwa wapi mwezi wa Septemba.